Hema jepesi? Jepesi kwa nani?

SEHEMU YA 1

 Nesi wenu wa Msimbu nipo. Leo sizungumzii uji wa lishe wala chanjo. Nazungumzia hema. Ndiyo, hema la kulala porini. Na nimekuja kugombana, kwa hiyo tusameheane mapema.

Mtindo umeingia, mnaujua. Familia changa kutoka mjini zinakuja huku kwetu Kisarawe mwisho wa wiki, zinatembea vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, zinalala, kesho yake zinarudi Dar zimechoka lakini zimefurahi. Waliokolea wanapanga safari ndefu: Lushoto mpaka Mtae kwa miguu, siku tatu nne, au milima ya Uluguru kule Morogoro. Begi mgongoni, mtoto kwenye mbeleko.

Mimi sina ubaya na hilo. Nalipenda kabisa. Na anayesema kulala nje ni mambo ya wazungu, amuulize bibi yake. Wazee wetu wamelala kwenye dungu shambani usiku kucha wakilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Kulala nje hatujafundishwa na mtu.

Ugomvi wangu ni na ushauri mmoja unaozunguka kwenye simu za watu. Unasema hema bora ni lile lenye gramu chache kuliko yote. Punguza, punguza, punguza. Toa chumba cha ndani. Toa neti. Toa sakafu. Beba turubai jembamba na kamba zako, safari njema. Ukionekana na hema lenye neti unachekwa, eti wewe bado mgeni wa pori.

Sasa nisikilizeni. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, kwenye ukanda huu wa Pwani, ushauri huo ni wa hatari. Hapa kwetu neti ndiyo hema lenyewe, hicho kingine ni paa. Ukitaka kupunguza gramu, punguza popote pengine, neti uiache.

SEHEMU YA 2

Tuanze na ushahidi wao wanaoupenda. Kila ukibishana nao wanakuletea habari ya bibi mmoja wa Marekani. Na ni habari ya kweli, siikatai. Anaitwa Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, mama wa watoto 11, alitembea peke yake njia ndefu inayoitwa Appalachian Trail, kutoka jimbo la Georgia mpaka Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Hakuwa na hema. Alikuwa na begi la kitambaa alilolishona mwenyewe, raba miguuni, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Mwanamke wa shoka. Ningemwona ningempa mkono.

Baadaye, miaka ya 1990, akaja Ray Jardine na vitabu vyake vya kutembea na mzigo mwepesi, naye akihimiza turubai badala ya hema zito. Huko ndiko hii dini ya gramu ilikozaliwa.

Lakini kuna kitu hawawaambii. Marekani ilitangaza imetokomeza malaria nchini mwake mwaka 1951. Yule bibi kaanza kutembea 1955. Hesabu mwenyewe. Alipolala chini ya pazia lake, mbu aliyemuuma alimwachia kuwashwa. Akajikuna, asubuhi akaendelea na safari.

Mbu wa hapa Msimbu hakuachii kuwashwa tu. Anakuachia vijidudu vinavyokaa kimya kwenye ini siku kadhaa, halafu vinaingia kwenye damu. Na huku kwetu malaria iliyo nyingi ni ile ya falciparum, ile inayopanda kichwani na kumaliza damu ya mtoto.

Kwa hiyo mtu akikuletea habari za Bibi Gatewood, mwambie hivi: niletee kwanza hiyo 1951 huku Kisarawe, halafu nitalala chini ya pazia.

SEHEMU YA 3

Kuna kaka mmoja alinijia inboksi: "Nesi, mbona sisi Kilimanjaro tulilala wiki nzima hatukuona mbu hata mmoja?"

Kaka yangu, ulilala wapi? Kambi za wapanda Kilimanjaro ziko juu ya mita 2,500. Kwenye baridi ile mbu wa malaria hawezi kazi. Vilima vya Pugu unavyovisifia havifiki hata mita 400. Joto, unyevu, madimbwi, mbu anakaa kama yuko kwake, na kweli yuko kwake. Hema lililokufaa kule, la kuziba upepo na kutunza joto, huku litakuchemsha.

Hili ni kosa la pili la washauri wetu. Wanachukua hema lililoshonwa kwa ajili ya theluji na kuliuzia watu wa Pwani kwa sababu tu lina gramu chache. Mahema mengi mepesi sana ni ya ukuta mmoja: kitambaa kile kile ndicho paa, ndicho ukuta. Usiku pumzi zenu zinagonga kitambaa, zinageuka maji, yanadondokea mtoto. Mama anafanya nini? Anafungua mlango ili upepo uingie. Kafungua mlango, kamkaribisha nani? Haya.

Na usifikiri Usambara umepona moja kwa moja. Juu kule ni baridi na mbu wamepungua, kweli. Lakini kupungua sio kuisha, na ili ufike juu unapita bonde, na ukishuka unalala bonde. Hema unalobeba ni hilo hilo moja kwa safari nzima. Lichague kwa ajili ya usiku wako mbaya kuliko wote.

SEHEMU YA 4

Sasa twende kwenye uzito wenyewe, maana wameshaanza kusema nesi hajui kubeba mzigo.

Najua uzito. Kazi yangu ni kupima uzito. Na sikatai kwamba wepesi ni muhimu. Mtu akitembea kilomita 15 kwa siku, kila kilo anaijua kwa jina. Hema la bei nafuu la dukani, lile la kilo 3 au 4, kwa safari ndefu ni mateso, na sikushauri ulibebe kwenda Mtae. Hapo tunakubaliana.

Lakini tupige hesabu kamili. Turubai jembamba ni chini ya nusu kilo. Hema zuri jepesi la watu wawili, lenye chumba cha ndani cha neti, sakafu, na paa la mvua linalovaliwa juu, liko kwenye kilo moja na nusu mpaka mbili. Tofauti ni kilo moja na kidogo. Hiyo ni chupa ya maji ya lita moja na chenji yake. Ndiyo kelele zote hizi!

Na hiyo kilo, mnajua mara nyingi anaiokoa nani? Baba. Maana baba ndiye kabeba hema, ndiye anayejipiga picha na begi lake la kilo sita. Mama kabeba mtoto wa mwaka mmoja, kilo 9. Juu yake kuna maziwa, chupa ya chai, pampasi, nguo za kubadilisha na kanga mbili. Hakuna aliyempima. Hakuna kundi la kuhesabu gramu za mama.

Kwa hiyo kabla ya kununua hema jipya la mamia ya dola ili upunguze gramu 600, fanyeni hivi. Chukueni mizani ya kuning'iniza kama ile tunayopimia watoto kliniki, au ile ya sokoni. Ning'inizeni begi la baba. Ning'inizeni la mama, na mtoto mwongezeni humo. Andikeni. Mkimaliza kusoma namba ndiyo mgawane upya: baba fito za hema, mambo na paa la mvua, pamoja na maji. Mama mtoto na chumba cha neti, basi. Hapo hema limekuwa jepesi bila kununua chochote.

Jepesi kwa nani? Swali ni hilo tu.

SEHEMU YA 5

Mama mmoja kauliza vizuri: "Sasa nesi, nikiwa dukani naangalia nini?" Chukua kalamu.

Moja. Chumba cha ndani kiwe neti sehemu kubwa, na paa la mvua liwe kitu tofauti unachoweza kuvua. Usiku wa joto na mbingu safi, unalivua, upepo unapita, mbu hapiti. Mchana pia unalitumia: mtoto akilala saa saba, mlaze ndani ya neti kivulini. Usisahau mbu wa dengue anauma mchana. Dar waliugua dengue mwaka 2014 na wakaugua tena 2019.

Mbili. Neti iwe ya matundu madogo. Chukua tochi, angalia. Usubi, wale wadudu wadogo kama vumbi, wanapita kwenye neti ya matundu makubwa, na mtoto akishaumwa nao hamlali wote.

Tatu. Sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, ipande juu kidogo kama beseni. Huku kwetu kuna siafu, kuna nge, kuna nyoka. Anayekwambia sakafu ni uzito wa bure hajawahi kuamshwa na siafu saa nane usiku akiwa na mtoto mchanga.

Nne. Zipu. Hema zima linakufa zipu ikifa. Ifungue na kuifunga mara kumi pale pale dukani. Ikikwama, mrudishie mwenyewe.

Tano. Ukubwa. Wakiandika "watu 2" wana maana watu wazima wawili wamebanana bega kwa bega. Mkiwa na mtoto, nunua la watu 3. Hii sio anasa. Mtoto akilala kagusa neti, mbu anamuuma kupitia neti kama vile haipo. Mtoto akae katikati, na mabegi yapangwe pembeni yamtenge na ukuta.

Sita. Mvua. Kiwango cha kuzuia maji huandikwa kwa milimita. Kwa masika yetu ya Machi mpaka Mei, na hata vuli, mimi nisingechukua chini ya 1,500.

Saba. Lisimame lenyewe kwa fito zake. Mahema mepesi sana yanasimamishwa na fimbo za kutembelea na kukazwa na kamba. Udongo wetu huku una mchanga mwingi, vile vimambo vyembamba vinachomoka kama sindano kwenye unga. Ukilala kwenye mchanga, funga kamba kwenye kijiti, kizike kikiwa kimelala, shindilia juu yake.

Halafu kabla ya safari, lisimamishe uani mchana. Ingia ndani, funga zipu, angalia juu. Ukiona tundu lolote linalopitisha mwanga bila neti, shona. Sindano na uzi hazina uzito. Porini kama huna uzi, plasta ya kidonda inaziba tundu mpaka asubuhi.

SEHEMU YA 6

Najua komenti inayokuja. "Nesi, hela ya hilo hema hatuna."

Sawa. Basi chukueni turubai. Mmeshtuka? Sijasema turubai ni haramu. Nimesema turubai bila neti.

Mjamzito akianza kliniki anapewa chandarua. Mtoto akija chanjo ya surua ya miezi 9 anapewa chandarua. Arusha kuna kiwanda, A to Z, kinatengeneza vyandarua vyenye dawa vinavyokwenda nchi nyingi za Afrika. Sisi ni watu wa chandarua, tena tunawashonea wengine! Halafu tukienda porini tunajifanya hatukijui.

Funga kamba kati ya miti miwili. Tundika turubai juu. Ning'iniza chandarua chini yake, tandika mkeka au plastiki nzito, chomeka pindo la chandarua chini ya mkeka pande zote nne kama unavyochomeka chini ya godoro nyumbani. Turubai na chandarua kwa pamoja mara nyingi havizidi kilo moja na nusu. Ni jepesi, ni la bei nafuu, na kina dawa inayoua mbu, kitu ambacho neti ya hema la dola mia tano kwa kawaida haina.

Onyo moja: msibebe chandarua pekee cha nyumbani mkawaacha bibi na wadogo wanaumwa. Na kwa sakafu kama hiyo, siafu bado wana njia, kwa hiyo kagueni ardhi kabla ya kutandika na msilale karibu na njia yao.

SEHEMU YA 7

Kuna wanaojibu: "Neti ya nini, tutawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Tutaweka jiko la mkaa mlangoni, moshi utawafukuza."

Hapana. Hapa sibembelezi.

Kitambaa cha hema jepesi ni nailoni au poliesta. Cheche moja inatoboa, mwali unakiyeyusha, na kinachoyeyuka kinashika ngozi. Dawa ya kuchoma haiingii ndani ya hema. Mshumaa hauingii. Kibatari hakiingii.

Na mkaa, hata ule uliobaki majivu na wekundu kidogo, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ndani ya hema lililofungwa inaua familia nzima usingizini, bila kelele. Ubaridi wa Lushoto mwezi wa saba unatibiwa na soksi, kofia na blanketi. Jiko linabaki nje, mbali.

Dawa ya kupaka kwenye ngozi ni nzuri kwa ile saa ya magharibi mnapopika kabla ya kuingia ndani. Kichanga chini ya miezi miwili usimpake, yeye kinga yake ni neti. Na mikono ya mtoto usiipake, ataila.

SEHEMU YA 8

Mwisho, na hii ndiyo sababu ya ugomvi wote.

Safari inaisha Jumapili. Picha zinapendeza. Malaria haiji Jumatatu. Inakuja baada ya siku 7, siku 10, wiki mbili, hata mwezi. Wakati huo kila mtu ameshasahau hema. Mtoto anachemka, mama anasema meno. Anampa panadoli, homa inashuka, inapanda. Siku ya tatu mtoto anakakamaa, macho juu.

Na hapo huku kwetu Pwani kuna watu watakwambia: degedege hilo, si mlimlaza msituni? Kapigwa na shetani wa pori, msimpeleke sindano, mpelekeni kwa fundi. Mama zangu, naheshimu wazee, lakini hapa nasema wazi. Aliyempiga ni mbu. Degedege la homa ni la kukimbizwa zahanati saa hiyo hiyo.

Watoto wa mjini ndio ninaowahofia zaidi. Huko Dar wengi hawaumwi malaria mara kwa mara, kwa hiyo miili yao haijaizoea. Usiku mmoja tu chini ya turubai wazi unatosha. Na mjamzito vile vile: malaria inamwishia damu na inampa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Mjamzito anayetaka kulala porini, apite kwanza kliniki, tuongee, na dozi zake za SP ziwe zimeenda sawa.

Kwa hiyo: homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kulala nje, mpeleke mtoto apimwe. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika kama 20. Na mwambie nesi au daktari, bila kuulizwa, "tulilala porini tarehe fulani." Sentensi hiyo inaokoa muda. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea sana au aliyeshikwa na degedege, usisubiri asubuhi.

Sijasema msiende. Nendeni, watoto wapande vilima, wajue miti kwa majina, walale wakisikia bundi. Ila kabla hamjanunua hema, mama ndiye aingie ndani yake kwanza, alale chali na mtoto pembeni, afunge zipu, aangalie. Akisema hapana, hema limekataliwa, hata kama ni jepesi kama unyoya.

Mtumieni baba watoto hii yote, kuanzia sehemu ya kwanza. Wenye hema tayari, pigeni picha ya neti na zipu mniletee hapa chini, nitawaambia ukweli. Wale wa gramu nao karibuni tubishane, ila mje na jibu la ile 1951.